Sura ya Tano: Visivyooza Katika Maji ya Zigi

Silikanti ni samaki asiyekaa karibu na shamba la mtu yeyote. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba, mita mia moja na zaidi chini ya uso wa bahari, na usiku ndipo hutoka kuwinda. Ukoo wake una umri wa miaka ipatayo milioni 400. Wavuvi wa Tanga walianza kumkuta kwenye majarife yao miaka ya 2000, tena mara kwa mara, hata mwaka 2009 Serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Lakini habari ninayoitaka ni ya zamani kidogo, na imetoka Komoro. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima viungo vya silikanti waliovuliwa huko. Walikuta DDT, dawa ya kuua wadudu. Walikuta na PCB, kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma za umeme.

Nani alimpulizia dawa samaki wa pangoni? Hakuna. Dawa ilipuliziwa nchi kavu, kwa sababu zilizoeleweka, mvua ikaisukuma mtoni, mto ukaipeleka baharini, vijidudu vikaimeza, dagaa wakameza vijidudu, na kila aliyemla mwenzake akarithi alichokuwa nacho. Kemikali za jamii hii zina tabia moja inayozitenga na uchafu mwingine wote: bakteria hawaziwezi, jua haliziwezi, na mwili ukishazipokea unazitunza. Kinyesi cha ng'ombe kikiingia mtoni leo, baada ya wiki chache mto umekwisha kukivunja. DDT iliyoingia mtoni babu akiwa kijana, sehemu yake ingali huko, au ingalipo kama DDE, mtoto wake.

Mkoa wa Tanga una historia yake katika jambo hili, na historia hiyo inaanzia mlimani. Ukipanda kutoka Muheza unafika Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Miaka ya 1950 hapo hapo Amani palikuwa na makao ya Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, na kutoka Amani ndiko ulikoendeshwa mradi wa Pare na Taveta. Kati ya mwaka 1955 na 1959 kuta za nyumba katika nchi ya Wapare na upande wa pili wa mpaka, Taveta, zilipuliziwa dieldrini, dawa nyingine ya kuua wadudu. Malaria ilishuka sana na watoto waliokuwa wafe wakaishi. Sitaki msomaji afikiri nawasuta watu wale. Mzazi yeyote wa miaka ile angewafungulia mlango. Zanzibar nao, kuanzia 1958 hadi 1968, walipambana na malaria kwa kampeni kubwa ya kupulizia DDT majumbani. Ila dieldrini ni moja ya kemikali 12 za kwanza zilizopigwa marufuku au kubanwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na maji ya bonde la Pare huteremka na Mto Pangani, yakapita Korogwe na Hale kabla ya kumwagika baharini.

Kuna na makosa yasiyo na utetezi. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea kama msaada shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimekwisha muda wake. Viliwekwa kwenye banda. Banda likaanguka, na mzigo ukakaa miaka ukinyeshewa. Baada ya mabaki kuzolewa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walirudi wakapima udongo na maji ya pale, wakakuta uchafuzi ungali mkubwa. Mkoani Tanga kwenyewe, ghala la zamani la viuatilifu la Old Korogwe liliacha udongo wa namna hiyo hiyo. Watafiti walipima hata maji ya mvua ya Kibaha na kukuta viuatilifu vya ukoo wa DDT ndani yake.

Sasa tuje kwenye koki ya jijini Tanga.

Maji yanayotoka humo yanaanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani na kwenye mashamba ya chai na iliki. Vijito hukusanyika kuwa Mto Zigi, Zigi ukazuiwa na Bwawa la Mabayani, na kutoka bwawani maji huenda kwenye mitambo ya Mowe kusafishwa. Masika yakikaza, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo wataalamu hupanga bilauri za glasi kwenye mashine ndogo ya kukoroga, kila moja na kipimo chake cha shabu, wakangoja kuona ni kipi kinachokusanya tope haraka bila kupoteza dawa. Nenda uone kazi hiyo ukipata nafasi. Dakika ya kwanza bilauri zote ni chafu sawasawa. Baadaye kidogo, katika moja, tope linaanza kushikana vibonge vibonge na kuzama, juu yake maji yakibaki meupe, na hapo ndipo mtambo mzima unapojua kiasi cha shabu cha siku hiyo. Kisha inakuja klorini, na kidonge kinachogeuza maji kuwa waridi kuonyesha kama klorini imebaki ya kutosha njiani hadi kwenye ndoo ya mteja. Kisha hupimwa vimelea.

Utaratibu huo una mantiki yake na ninauunga mkono. Kipindupindu kinaua kwa siku mbili, kemikali zisizooza majini haziui mtu kwa siku mbili. Anayetaka mamlaka ya maji iache kupima bakteria ili inunue mashine ya kupima kemikali hizo hajawahi kulaza mgonjwa wa kuhara. Tatizo ni kwamba vipimo hivi vyote vinatafuta vinavyoonekana, vinavyonuka au vinavyozaana, ilhali visivyooza havina hata sifa moja kati ya hizo. Maji yenye dieldrini yanaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi, yenye klorini sahihi, bila bakteria hata mmoja.

Na mto huu umeshaonja uchafu wa aina hiyo mbele ya macho yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu ilionekana Sakale, ndani ya chanzo cha Zigi, na wachimbaji wakamiminika. Walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Mchimbaji mdogo wa dhahabu hutumia zebaki, na zebaki haiozi maana haina cha kuoza: ni elementi. Kinachobadilika ni umbo lake tu. Kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayopanda kwenye samaki na ndiyo iliyolemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Baada ya dhahabu ya Sakale, wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wamejiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, wakapanda miti kandokando ya vijito na kuacha kulima hadi ukingoni. Kazi hiyo inazuia tope, na hapa tope lina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Nitalirudia.

Kundi jipya la visivyooza linaitwa PFAS, na magazeti huziita kemikali za milele. Chanzo chake ni bahati: mwaka 1938 mkemia wa DuPont, Roy Plunkett, alifungua mtungi wa gesi uliokataa kutoa gesi, akakuta ndani unga mweupe unaoteleza. Ndiyo Teflon. Kutokana nayo na ndugu zake tukapata vikaango visivyonata, makoti yasiyopenyeza mvua, karatasi za chakula zisizolowa mafuta, na povu la kuzimia moto wa petroli. Nguvu yake yote iko kwenye kifungo cha kaboni na florini, ambacho ni kati ya vifungo imara kabisa katika kemia. Mwaka 1998 mfugaji wa Parkersburg, West Virginia, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa baada ya kunywa maji ya kijito, alimwendea wakili Robert Bilott. Kesi iliyofuata ndiyo iliyofungua makabati ya nyaraka za kiwanda. Desemba 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA, mojawapo ya PFAS, kwenye kundi la kwanza, la visababishi vya saratani kwa binadamu. Nusu ya PFOA uliyoinywa leo itakuwa bado mwilini mwako baada ya miaka kama miwili au mitatu.

Usichanganye florini hii na floraidi ya Arusha na Meru. Ile hutoka kwenye miamba ya volkano, hutia meno rangi ya kahawia, na kiwango chake Tanzania ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa PFOA, Marekani ilitangaza Aprili 2024 kiwango cha nanogramu 4 kwa lita. Kati ya kiwango kimoja na kingine kuna tofauti ya mara 375,000, na tofauti hiyo ndiyo inayotulazimisha kuzungumzia mashine. Chukua kijiko cha chai cha sukari, gramu 4 hivi. Gramu 4 za PFOA zinatosha kufikisha kiwango hicho katika mita za ujazo milioni moja za maji. Hakuna jicho, ulimi wala karatasi ya kubadilika rangi itakayokuonyesha kitu hicho.

Kupima kitu kidogo kiasi hicho kunaanza na adabu ya kuchukua maji. Mtaalamu anayetafuta bakteria huichoma koki kwa moto, huyaacha maji yatiririke, kisha hukinga kwa chupa ya glasi iliyotakaswa kwa mvuke. Mtaalamu anayetafuta PFAS haitaki glasi, kwa kuwa baadhi ya kemikali hizi hunata kwenye kuta zake. Hutumia chupa ya plastiki ya polipropilini yenye kifuniko kisicho na Teflon. Siku hiyo haruhusiwi kuvaa koti la mvua lililotiwa dawa ya kuzuia maji. Asijipake losheni. Asile chipsi zilizofungwa kwenye karatasi isiyopenya mafuta kisha akashika chupa. Na lazima abebe chupa ya maji safi ya maabara, aifungue pale pale kisimani au bombani, ayamimine kwenye chupa nyingine, kisha airudishe ikapimwe kama sampuli. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Ikikutwa na PFAS, kila kilichokusanywa siku ile hakina maana.

Maabara nayo, kwa njia inayotumika sana Marekani, huchukua mililita 250. Kabla ya kitu chochote hutiwa humo kiasi kinachojulikana cha PFOA na ndugu zake zilizotengenezwa kwa kaboni nzito, ile kaboni-13. Zinafanana kwa kila kitu na zile zinazotafutwa, ila uzito. Kinachopotea njiani kitapotea kwa zote mbili kwa uwiano uleule, na mwisho mashine itajua ni kiasi gani kilipotea. Nakiri kwamba katika kemia yote ya maji sijaona hila nzuri kuliko hii.

Baadaye maji hupitishwa kwenye kichujio kidogo chenye chembe zinazonasa PFAS. Kwa mkono kazi hii ni adha: tone kwa tone, chupa kwa chupa, mtu akichoka kasi inabadilika na matokeo yanabadilika. Hapo ndipo mashine inayojiendesha inapolipa gharama yake. Pampu zake husukuma maji kwa kasi ileile usiku na mchana, husuuza kichujio, hukitoa kilichonaswa kwa methanoli, gesi ya naitrojeni ikakausha, na mililita 250 zikabaki moja. Umeikuza kemikali mara 250 bila mkono wa mtu kuigusa. Vichupa hupangwa kwenye sinia, sindano ya mashine huvichovya kimoja kimoja kwa zamu, kemikali hutenganishwa kwenye bomba jembamba, na mwishoni kabisa kipimauzito cha molekuli huipokea PFOA yenye uzito wa 413, huigonga hadi ivunjike, na kukamata kipande cha 369. Vinavyotimiza masharti yote mawili ndivyo vinavyohesabiwa.

Mashine yenyewe ina PFAS. Mirija ya Teflon iliyokuwa kawaida katika vifaa hivi ilibidi ing'olewe, na kabla ya sindano huwekwa bomba la ziada linalochelewesha uchafu wa mashine ili usifike pamoja na sampuli. Katika kila kundi la sampuli zisizozidi 20 kuna tupu, kuna iliyotiwa dozi makusudi, kuna iliyorudiwa. Na bado mtu anahitajika. PFOS, ndugu mwingine wa PFOA, kwa mfano, ina molekuli zilizonyooka na zenye matawi, na kwenye skrini huonekana kama vilima viwili vilivyoshikana. Programu ikiachiwa peke yake huweza kuhesabu kilima kikubwa na kukiacha kidogo, jibu likatoka pungufu, bila kengele yoyote kulia. Mkemia mwenye uzoefu huliona mara moja.

Je, Tanga inunue mashine kama hii? Jibu langu ni hapana. Bei yake ni dola laki kadhaa, na bei ndiyo shida ndogo. Pampu zake za ombwe hazizimwi. Umeme ukikatika, kuirudisha kwenye hali ya kupima ni kazi ya saa nyingi. Inakula naitrojeni kila siku, methanoli safi kuliko ya hospitali, na fundi wa kuihudumia huja kwa ndege. Anayejua maabara za bara letu amewahi kuona mashine ya msaada iliyofunikwa shuka, ikisubiri kipuri. Bora nchi iwe na moja au mbili, chini ya taasisi yenye ithibati kama Mkemia Mkuu wa Serikali, zifanye kazi kila siku, kuliko kila mkoa kuwa na ya kwake imelala. Sampuli zinasafiri. Njia hii inaruhusu siku 28 kabla ya sampuli kupitishwa kwenye kichujio, mradi zikae kwenye baridi. Kasha la barafu likipakiwa basi la asubuhi Tanga linafika Dar es Salaam mchana, na hata likienda Ulaya muda unatosha.

Cha kufanyika Tanga ni kujua nini kichukuliwe wapi, na hapo tope linarudi. DDT, dieldrini na zebaki hazipendi maji. Hushika chembe za udongo na miili ya samaki: DDT na dieldrini kwenye mafuta, zebaki kwenye nyama. Ukipima maji ya koki peke yake utaambiwa hamna kitu, ukalala usingizi, wakati mzigo umekaa chini ya Bwawa la Mabayani. Hizo zitafutwe kwenye tope la bwawa na kwenye samaki wake. PFAS nyingi ni kinyume: huyeyuka, husafiri na maji, hupita kwenye shabu na klorini kama hazikuwekewa kitu. Hizo zitafutwe kwenye maji yenyewe, bwawani na visimani. Kuna mahali pamoja ninapopataja bila kusita. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kaskazini mwa jiji. Sehemu nyingi duniani, palipo na matangi ya mafuta na viwanja vya ndege, povu la zamani la kuzimia moto ndilo lililochafua visima vya majirani. Siku hizi kuna povu lisilo na PFAS. Lakini visima vya vijiji vinavyozunguka peninsula ile vipimwe mapema iwezekanavyo, majibu yawekwe kabatini yakiwa na tarehe, maana mwanakijiji asiye na kipimo cha mwanzo hana kesi miaka 20 baadaye.

Wenye nyumba mtauliza kuhusu kuchemsha. Endeleeni kuchemsha, kwa ajili ya vijidudu. Kwa PFAS hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke na kemikali inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina nyingi kidogo kuliko mwanzo. Kinachozinasa ni mkaa ulioamilishwa, na moja ya malighafi zake bora ni vifuu vya nazi, ambavyo pwani yetu huchomea samaki. Mkaa wa jikoni hauna uwezo huo; huu hupikwa kwa mvuke wa joto kali hadi ujae vitundu visivyoonekana kwa macho, tena hubadilishwa ukishajaa. Ni gharama ya mtambo, si ya ndoo ya nyumbani.

Fedha nazo hazikosekani kabisa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini, ili kupanua huduma Tanga na wilaya jirani. Walionunua walipewa waraka wa kurasa nyingi kuhusu faida na hatari. Gharama ya kupima tope la Mabayani na maji ya bwawa mara moja kwa mwaka ni ndogo mno mbele ya kiasi hicho, na mnywaji wa maji anastahili waraka wake.

Kwa hiyo, mwana Tanga, EWURA, mdhibiti wa bei za maji, ikiitisha mkutano mwingine wa taftishi kuhusu bei za maji, nenda. Uliza bei, ni haki yako. Kisha uliza mambo matatu: kwenye tope la Mabayani kuna zebaki kiasi gani, kuna dieldrini na DDT kiasi gani, na maji yake yana PFAS kiasi gani. Omba majibu hayo yabandikwe kila mwaka kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, pamoja na tarehe ya sampuli na jina la maabara iliyopima.